Kibanda cha kando ya barabara kuu: mambo ya kufahamu kabla hujatoa fedha yako

Anayesafiri kutoka Kahama kuelekea mpaka wa Rusumo hupita Masumbwe, kisha Ushirombo, kisha huingia Runzewe. Usiku, hata kabla taa za mji hazijaonekana vizuri, huanza kuona mwanga wa majiko ya mkaa, malori yaliyopangana pembeni, na vibanda vya mbao, mabati na maturubai vilivyokaribia lami kiasi kwamba dereva huweza kuagiza chai bila kushuka. Hapo wapo mama lishe, mafundi wa matairi, wauza ndizi, vijana wa bodaboda, na wachimbaji wadogo wanaosubiri habari ya mahali dhahabu ilipochomoza safari hii.

Wengi wao hawakuzaliwa hapo, wala hawakusudii kuzeekea hapo. Ni watu wanaofuata riziki: leo Runzewe, mwezi ujao Katoro, baadaye Nyarugusu. Hata hivyo wanapokuwepo hulipa kodi ya kibanda, hununua chakula na maji, na mara nyingi huweka akiba yao yote katika kipande cha ardhi ambacho hawajui ni cha nani. Siku moja gari la wakala wa barabara husimama, rangi hupakwa ukutani, na akiba hiyo huwa hatarini.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya mlaji wa namna hiyo: mpangaji, mnunuzi wa kibanda, na mwenye kuhudumiwa hapo. Tunaeleza sheria inasema nini juu ya makazi ya kando ya barabara, Serikali imekuwa na msimamo gani kwa nyakati mbalimbali, na mlaji afanye nini ili asipoteze mali yake.

Kwa nini makazi haya yanakua

Runzewe ipo Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012. Mambo mawili huvuta watu mahali hapo. La kwanza ni barabara yenyewe, ambayo hubeba mizigo inayotoka pwani na bandari kavu ya Isaka kwenda Rwanda na Burundi. Lori linaposimama, watu wawili au watatu hutafuta chakula, maji ya kuoga na mahali pa kulala. La pili ni dhahabu. Ukanda wa Geita umekuwa na wachimbaji wadogo kwa miaka mingi, na kila mfumuko mpya, ule ambao wenyewe huuita rashi, huhamisha mamia ya watu kwa siku chache.

Lipo pia jambo la kihistoria ambalo mara nyingi husahauliwa. Wakati wa Operesheni Vijiji, hasa kati ya mwaka 1973 na 1975, Serikali yenyewe iliwahamisha wananchi kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji, na vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara ili shule, zahanati na maji viwafikie kwa urahisi. Kwa hiyo si kila anayeishi karibu na barabara ni mvamizi. Wapo waliopelekwa hapo, wapo waliorithi kwa waliopelekwa, na wapo waliokuja juzi. Sheria huwatofautisha, na mlaji naye hana budi kuwatofautisha kabla ya kuingia nao mkataba.

Hifadhi ya barabara ni nini

Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake, imeweka eneo la hifadhi kwa barabara kuu na za mikoa. Hifadhi hiyo ni mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka katikati ya barabara, yaani upana wa mita 60 kwa jumla. Kabla ya hapo barabara kuu zilikuwa na mita 22.5 kila upande. Tofauti hii ya mita saba na nusu inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyogeuza maelfu ya nyumba kuwa ndani ya hifadhi bila mwenye nyumba kusogea hata hatua moja.

Ardhi hii si ya kijiji. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 imegawa ardhi ya Tanzania katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Eneo la barabara limo katika kundi la hifadhi. Kutokana na hilo, Halmashauri ya Kijiji, ambayo hupata mamlaka yake katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, haina uwezo wa kuigawa, kuiuza wala kuikodisha. Mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji akikuandikia karatasi na kuipiga mhuri, karatasi hiyo inaweza kuthibitisha kwamba ulimpa mtu fedha. Haithibitishi kwamba umepata ardhi.

Msimamizi wa barabara kuu na za mikoa ni Wakala wa Barabara, TANROADS. Barabara za wilaya na za mitaa husimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Ndani ya hifadhi, hakuna ujenzi unaoruhusiwa bila kibali cha msimamizi wa barabara husika.

Alama ya X na maana yake

Wananchi wengi huiogopa alama ya X bila kujua kwamba rangi yake ina maana. Kwa utaratibu uliozoeleka, X nyekundu huwekwa kwenye jengo lililomo ndani ya hifadhi ya zamani, ile ya mita 22.5. Mwenye jengo hilo huhesabiwa kuwa aliifuata barabara, naye hutakiwa kuondoka bila kulipwa fidia. X ya kijani huwekwa kwenye jengo lililo kati ya mita 22.5 na mita 30, ambalo lilikuwepo kabla ya sheria mpya. Huyo huhesabiwa kuwa barabara ndiyo iliyomfuata, na anastahili fidia eneo lake linapotakiwa.

Mlaji azingatie mambo mawili hapa. Kwanza, X ya kijani si kibali cha kuendelea kujenga. Aliyeongeza chumba baada ya kuwekewa alama asitarajie chumba hicho kilipwe. Pili, kukaa miaka mingi bila kuondolewa si uthibitisho wa haki. Zipo alama za X zilizofifia ukutani kwa muda mrefu, na wenye nyumba wakaendelea kupokea wapangaji wapya bila kuwaambia lolote. Ukiona ukuta umepakwa rangi mpya sehemu moja tu, uliza kilichofunikwa.

Msimamo wa Serikali kwa wanaohamahama

Katika miongo mitano, sera imepita njia mbili zinazopishana. Njia ya kwanza ni ya kuwaondoa. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Katika utekelezaji wake, wachuuzi wengi wa mijini walikamatwa na kurudishwa vijijini. Wengi walirejea mjini baada ya muda mfupi, kwa kuwa sababu iliyowaleta ilikuwa haijaondolewa.

Njia ya pili ni ya kuwatambua na kuwapanga. Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa ada ya shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4. Kitambulisho kilimpunguzia mchuuzi usumbufu wa ushuru, lakini wapo waliokichukulia kuwa ruhusa ya kukaa popote. Haikuwa hivyo. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo katika miji mingi walitakiwa kuondoka kwenye hifadhi za barabara, juu ya mitaro na njia za waenda kwa miguu, na halmashauri zikaelekezwa kuwatengea maeneo maalumu.

Mataifa mengine yamepambana na swali hilihili. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1968 iliziagiza mamlaka za mitaa zitenge viwanja kwa ajili ya jamii zinazohama na misafara yao. Wajibu huo ukafutwa mwaka 1994, na migogoro ya kambi za kando ya barabara haikuisha. Nchini Ufaransa, sheria ya mwaka 2000 inazitaka manispaa zenye wakazi zaidi ya 5,000 zishiriki katika kutoa maeneo ya mapokezi, na manispaa iliyotimiza wajibu huo ndiyo hupata nguvu ya kuwazuia watu kupiga kambi kwingineko katika mipaka yake. Fikra iliyomo ni nyepesi kueleweka: anayekataza mtu asikae hapa, amwonyeshe pa kukaa.

Nasi tunaamini kwamba kipimo cha sera njema kwa mji kama Runzewe ni hicho. Lori litaendelea kusimama na dereva ataendelea kula. Eneo la maegesho na soko likitengwa mbali na wateja, vibanda vitarudi barabarani baada ya wiki chache. Likitengwa mahali panapofikika, lenye maji, vyoo na taa, mama lishe hatakuwa na sababu ya kupika mita tano kutoka kwenye matairi. Hatusemi hivi ili kudharau sheria ya hifadhi. Hifadhi ipo kwa sababu malori hupoteza breki, kwa sababu mabomba na nyaya hupita humo, na kwa sababu barabara hupanuliwa. Lori linapoacha njia, anayeumia kwanza ni aliyekaa karibu.

Makambi ya rashi

Kambi ya wachimbaji ni jambo jingine, na hatari zake ni nyingine. Huko swali si hifadhi ya barabara tu. Ardhi ya juu huweza kuwa shamba la mwanakijiji, au msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Madini ya chini husimamiwa na Tume ya Madini. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka mchimbaji mdogo awe na leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hutolewa kwa Watanzania na hudumu miaka saba kabla ya kuhuishwa. Mwenye leseni ana haki ya kuchimba. Hana haki ya kukupangisha shamba la mtu mwingine.

Kwa hiyo anayejenga banda la turubai, duka au gesti ya mabati katika rashi afahamu kwamba anajenga mahali pa muda. Dhahabu ikipungua, kambi huhama. Mgogoro ukitokea, kambi hufungwa. Usiweke hapo mtaji usioweza kuubeba mgongoni au kwenye pikipiki. Ukiambiwa ununue hisa ya duara, dai kuona leseni, na umwulize Afisa Madini Mkazi kama leseni hiyo iko hai na kama mipaka yake inagusa duara hilo. Dhahabu nayo inunuliwe na kuuzwa katika soko la madini. Soko la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na humo mzani hukaguliwa na bei hufahamika. Anayenunua dhahabu kibandani usiku huvunja sheria, tena huweza kuuziwa shaba.

Kabla hujalipa

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana shilingi laki nne alizoweka kidogo kidogo. Anaonyeshwa kibanda kizuri karibu na maegesho ya malori. Anatakiwa alipe kilemba cha laki mbili, kisha kodi ya miezi sita kwa pamoja. Mwenye kibanda anamwonyesha rundo la risiti za ushuru wa kila siku kama ushahidi kwamba eneo linatambulika. Je, alipe?

Asilipe kabla ya kufanya haya yafuatayo.

Kwanza, apime. Asimame pembeni mahali salama, akadirie katikati ya barabara, kisha ahesabu hatua kuelekea kibandani. Hatua 40 za kawaida za mtu mzima zinakaribia mita 30. Kibanda kikiwa ndani ya hatua hizo, achukulie kwamba kimo ndani ya hifadhi mpaka athibitishiwe vinginevyo na ofisi ya wakala wa barabara. Kwa barabara za wilaya vipimo ni tofauti, hivyo aulize TARURA.

Pili, asichanganye ushuru na haki ya ardhi. Risiti ya ushuru inathibitisha kwamba biashara ilitozwa siku ile. Haimpi mwenye kibanda umiliki, wala haimzuii msimamizi wa barabara kukibomoa kesho yake. Hili ndilo kosa linalowagharimu watu wengi, kwa sababu aliyetoza ushuru na anayebomoa wote wanatoka serikalini, na mwananchi huona kwamba mmoja amemruhusu.

Tatu, akatae kilemba na kodi ya muda mrefu. Mahali pasipo na uhakika, kodi ilipwe kwa mwezi. Mwenye kibanda akikataa, huenda anajua jambo ambalo mpangaji halijui.

Nne, aandike. Mkataba uwe wa maandishi, utaje majina kamili ya pande zote, mahali kibanda kilipo, kiasi kilicholipwa na tarehe. Uwe na kifungu kinachosema kwamba kibanda kikiwekewa alama au kikibomolewa, kodi ya muda uliobaki itarudishwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mkataba nao una mpaka: makubaliano yenye lengo lililo kinyume cha sheria huweza kuhesabiwa batili, na mpangaji aliyejua hali halisi atapata shida kusikilizwa. Maandishi humsaidia zaidi yule aliyedanganywa.

Tano, malipo yoyote ya Serikali yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na kupatiwa risiti ya kielektroniki. Mtumishi anayepokea fedha mkononi bila risiti hajapokea kwa niaba ya Serikali.

Ukiwekewa alama au ukipewa notisi

Usiikimbie karatasi. Isome, au msomee asiyejua kusoma. Tazama nani ameitoa, imetaja sheria gani, na imekupa siku ngapi. Piga picha jengo, alama na bidhaa zako siku hiyohiyo. Kisha nenda ofisi iliyotaja notisi, uulize jengo lako liko umbali gani kwa vipimo vyao. Unayo haki ya kuelezwa.

Kama unastahili fidia, sheria ya ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Haihesabu thamani ya ardhi na jengo peke yake. Yamo pia malipo ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi ya muda na ya hasara ya faida. Mpangaji mwenye biashara asikae kimya siku ya uthamini. Amwombe mthamini aiandike biashara yake, na aonyeshe daftari la mauzo. Asiye na daftari ana maneno matupu. Wala usitie sahihi fomu ambayo sehemu ya kiasi imeachwa wazi.

Kama hustahili fidia, muda wa notisi ndio mali uliyobaki nayo. Ondoa mabati, mbao, milango na bidhaa mwenyewe kabla ya siku ya mwisho. Dai kodi yako kwa mwenye kibanda ukiwa na mkataba mkononi. Mgogoro wa ardhi hupelekwa kwanza Baraza la Kata kwa ajili ya usuluhishi. Ukishindikana, huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii katika halmashauri itamwelekeza.

Neno kwa mnunuzi anayepita

Hata usiyepanga, unayeshuka kwenye basi kwa dakika kumi, unahusika. Bidhaa haipotezi wajibu wa ubora kwa sababu imeuzwa chini ya turubai. Kilo ni kilo: mizani inapaswa kuwa na alama ya ukaguzi wa Wakala wa Vipimo, na lumbesa ni kosa popote. Chakula cha viwandani kitazamwe tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya Shirika la Viwango, TBS. Chakula kilichopikwa kiliwe kikiwa cha moto, na maji ya kunywa yawe ya chupa isiyofunguliwa au yaliyochemshwa. Petroli ya chupa karibu na jiko la mkaa ni hatari kwa muuzaji, kwako na kwa kibanda cha jirani.

Ukiona dosari, mweleze muuzaji kwanza kwa staha. Huenda naye ameuziwa hivyo. Akipuuza, toa taarifa kwa afisa afya au afisa biashara wa halmashauri.

Tunamalizia na mama wa mfano wetu. Alipima hatua zake na zikafika kumi na nane tu. Hakulipa kilemba. Alikwenda ofisi ya kata kuuliza kama soko lina meza zilizo wazi, akaandikisha jina lake, na wakati akisubiri akawa anapika nyumbani na kuwapelekea mafundi chakula kwa ndoo. Faida yake ilikuwa ndogo kuliko ya jirani aliyekichukua kile kibanda. Lakini zile laki nne bado ni zake, na siku gari la rangi litakaposimama, yeye hatakuwa na cha kuhamisha isipokuwa sufuria.